Kutembelea Nakuru na Viunga Vyake: Panga kwa Barabara, Si kwa Umaarufu

Wageni wengi wa Nakuru humaliza siku yao ya kwanza barabarani. Asubuhi wako kreta ya Menengai, saa sita wanakimbilia Ziwa Elementaita, saa 9 alasiri wanarudi mjini kutafuta lango la mbuga, na jua linapotua wamelipia kila mahali bila kuona kitu kwa utulivu. Wamefuata orodha ya vivutio wakaiacha ramani.

Ramani yenyewe ni rahisi. Nakuru iko kama kilomita 160 kutoka Nairobi, na kutoka mjini kuna njia tatu zinazomhusu mtalii. Ya Nairobi, kusini-mashariki, ina Hyrax Hill na Kariandusi, penye mabaki ya watu wa kale, Ziwa Elementaita, na nyama choma ya Kikopey. Ya magharibi, kuelekea Njoro na Eldoret, ina kasri la Lord Egerton. Ya kaskazini hupitia Mogotio hadi Ziwa Bogoria. Mbuga ya Ziwa Nakuru na kreta ya Menengai ziko mlangoni mwa mji, kila moja upande wake. Ukichukua njia moja kwa siku moja, siku tatu zinatosha kuona yote haya bila kuhema. Ukiwa na siku moja tu, chagua mbuga alfajiri na Hyrax Hill mchana, na mengine yasubiri safari nyingine.

Kabla ya kutoka nyumbani

Vivutio hivi havina mwenyewe mmoja, na hapo ndipo watu hukwama langoni. Mbuga iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hyrax Hill na Kariandusi ni za Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Msitu wa Menengai uko mikononi mwa Shirika la Huduma za Misitu. Kasri ni mali ya Chuo Kikuu cha Egerton, Bogoria inasimamiwa na Kaunti ya Baringo, na Soysambu, kando ya Elementaita, ni hifadhi ya kibinafsi. Risiti ya mmoja haifungui lango la mwingine, hata kama maziwa yote matatu, Nakuru, Elementaita na Bogoria, yaliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011.

Mbuga haipokei pesa taslimu. Malipo hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na akaunti yake uifungue nyumbani, si langoni. Nywila iliyosahaulika, ujumbe wa uthibitisho unaochelewa na simu iliyobakisha asilimia nne ya chaji vimewaweka watu wengi nje ya lango saa ile ile simba wanapotembea. Lipa usiku wa kuamkia safari, kisha ipige picha skrini yenye risiti, kwa sababu mtandao wa langoni hauaminiki. Unapolipa, chagua kundi lako sawasawa: raia wa Afrika Mashariki, mgeni anayeishi nchini, au mgeni kutoka nje. Beba kitambulisho chenyewe. Bila kitambulisho hutaweza kuthibitisha kundi ulilolipia, na tofauti ya bei kati ya raia na mgeni ni kubwa. Kwa watoto, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ada hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo bei ya kupangia bajeti ni ile inayoonekana kwenye ukurasa wa malipo wiki hiyo. Ile rafiki yako aliyolipa mwaka juzi iache.

Jambo la pili ni plastiki. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Hiyo ni pamoja na ile chupa ya maji ya nusu lita uliyonunua stegi, vikombe, sahani na mirija ya soda. Weka maji kwenye chupa ya chuma au jagi la kudumu, na chakula kwenye vibakuli vya nyumbani. Kikundi cha watu kumi na wanne kinachobeba katoni ya maji kitaombwa kuiacha langoni, na kiu ya ndani ya mbuga saa 7 mchana si mzaha.

Tatu, nguo. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ni baridi ya kuvalia sweta, saa sita jua linachoma hata pakiwa na upepo. Vaa nguo mbilimbili unazoweza kuvua. Mvua kubwa huja kati ya Machi na Mei, na Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi. Kama una uhuru wa kuchagua, chagua hiyo.

Mbuga ya Ziwa Nakuru

Hapa ndipo pa kutumia pesa na muda wako mwingi. Ilianza kama hifadhi ndogo ya ndege mwaka 1961, ikawa mbuga ya kitaifa mwaka 1968, na leo ina kilomita za mraba 188, zote zimezungukwa na uzio wa umeme. Uzio huo una maana kwako: wanyama hawana pa kwenda, kwa hivyo katika nusu siku unaweza kuona kifaru, jambo ambalo kwingine huchukua siku kadhaa. Tembo, hata hivyo, hayupo humu. Usimwahidi mtoto tembo.

Boda boda haziruhusiwi kuingia, na kutembea kwa miguu hakuruhusiwi ila sehemu chache zilizotengwa. Kama huna gari, una njia mbili: gari la watalii lenye paa la kufunguka, au teksi ya kawaida ya mjini. Teksi ni nafuu na inatosha msimu wa kiangazi, lakini iko chini mno. Nyasi zikiwa ndefu, baada ya mvua, utaona masikio ya nyati na basi. Kabla ya kukubali bei, mwulize dereva mambo manne na mkubaliane kila moja kwa kinywa. Bei ni ya saa ngapi? Mafuta yamo? Nani analipa ada ya gari kuingia? Nani analipa kiingilio cha dereva mwenyewe? Ada ya gari hutegemea idadi ya viti, kwa hivyo matatu ya viti 14 iliyobeba watu sita hulipa kama matatu, si kama gari dogo. Ugomvi mwingi wa langoni huanzia kwenye mambo haya mawili ya mwisho.

Chagua lango kulingana na unakotoka. Ukitoka Nairobi, ingia kwa lango la Lanet, upande wa mashariki, uepuke msongamano wa mji. Ukiwa umelala mjini, tumia lango kuu. Lango la Nderit, kusini-mashariki, huwafaa wanaotoka upande wa Elementaita. Fika langoni saa 12 asubuhi linapofunguliwa. Simba na chui hupumzika jua likipanda, na kati ya saa 5 na saa 9 mchana mbuga nzima hulala. Ichukulie tiketi yako kuwa ya kuingia mara moja: ukitoka kwenda kula mjini, kurudi ni kulipa upya. Kwa hivyo ingia na chakula chako.

Unapofika, mwulize askari wa langoni swali moja kabla ya mengine yote: barabara zipi zimefunikwa na maji leo? Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limekuwa likipanda. Eneo lake limekua kutoka kilomita za mraba kama 40 hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu la zamani, ofisi, na sehemu kubwa ya barabara iliyokuwa ikizunguka ufuoni. Ramani za zamani kwenye simu bado zinaonyesha barabara hizo. Dereva anayezifuata hujikuta mbele ya maji yenye vigogo vya migunga iliyokufa vikiwa vimesimama ndani, na pa kugeuzia gari ni pembamba na pana matope. Magari hukwama hapo kila msimu wa mvua.

Kupanda huko kwa maji ndiko pia kulikobadilisha habari ya flamingo. Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea. Maji huingia kwa mito ya Njoro, Makalia na Nderit na kutoka kwa kukauka juani tu. Ndiyo maana lilikuwa la magadi makali, na katika magadi hayo mlisitawi mwani mdogo wa kijani-samawati ambao flamingo mdogo huuchuja kwa mdomo. Maji matamu yakiingia mengi, magadi hupungua nguvu, mwani hupungua, na flamingo huhama kwenda Bogoria na maziwa mengine. Wakati mwingine hurudi maelfu, wakati mwingine unaona mamia machache kwenye ukingo. Usije Nakuru kwa ajili ya ufuo wa waridi ulioona kwenye kalenda. Njoo kwa ajili ya kifaru, na flamingo wakiwepo iwe ziada. Wanaosema mbuga imekwisha kwa sababu flamingo wamepungua hawajaangalia samaki na ndege wavuvi: mwari, mnandi na tai samaki wamejaa.

Njia nzuri kwa asubuhi moja ni hii. Kutoka Lanet au lango kuu, nenda kusini polepole kwa upande wa mashariki, kupitia migunga ya magome ya manjano. Tazama chini ya miti na pia juu ya matawi, maana simba wa hapa wakati mwingine hupanda. Panda hadi penye mtazamo wa Lion Hill, pembeni mwa msitu mkubwa wa yuforbia, kisha shuka hadi tambarare za kusini, upande wa Naishi. Huko ndiko kwa kutafuta vifaru.

Kifaru mweupe na kifaru mweusi usiwatofautishe kwa rangi; wote ni wa rangi ya tope walilogaagaa. Tazama mdomo. Mweupe ana mdomo mpana uliokatika bapa kama koleo, kichwa kimeinama chini, anakata nyasi uwanjani, mara nyingi akiwa na wenzake. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anaoutumia kuvuta vijiti na majani, kwa hivyo hukaa kichakani, peke yake, na kichwa amekiinua. Ukimwona mweusi, zima injini na nyamaza. Hukasirika upesi, na mara nyingi hutoweka kabla hujafungua kamera. Mbuga hii ilitengwa kuwa hifadhi ya vifaru mwaka 1987, wakati ujangili ulikuwa karibu kuwamaliza nchini, na baadhi ya vifaru walioko mbuga nyingine za Kenya leo wana ndugu hapa.

Twiga nao watazame miguu. Wale wa Nakuru ni wa aina ya Rothschild, walioletwa kutoka magharibi mwa Kenya mwaka 1977. Kuanzia magotini kwenda chini hawana madoa, utadhani wamevaa soksi nyeupe.

Ukishamaliza kusini, nenda maporomoko ya Makalia kama mvua imenyesha karibuni. Kiangazi usijisumbue, utakuta mwamba mkavu. Rudi kwa upande wa magharibi, kisha panda hadi Baboon Cliff kabla ya saa 5, maana baadaye ukungu wa joto hufifisha ziwa. Hapo unaruhusiwa kushuka garini. Nyani wa pale wanajua sauti ya mfuko wa chipsi kuliko wanavyojua jina lolote. Funga madirisha yote, hata lile la nyuma la robo, acha chakula ndani ya gari, usimbebeshe mtoto ndizi, na ukinyang'anywa kitu usivutane. Meno ya nyani dume ni marefu kuliko ya mbwa.

Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Anayekimbia huona punda milia na nyati tu, kwa sababu hao ndio wasiohitaji kutafutwa. Mzunguko wote, ukisimama inavyopasa, ni saa nne hadi tano.

Menengai

Ukitazama kutoka mjini, Menengai ni mlima wa kawaida wenye mgongo mrefu. Ukifika juu, mlima unaishia ghafla miguuni pako. Ni kaldera: chumba cha moto kilichokuwa chini ya volkano kilimwaga uji wake katika milipuko mikubwa, paa likakosa cha kuliegemeza, likaporomoka. Shimo lililobaki lina urefu wa kilomita 12 hivi kwa 8, na kuta zake hushuka hadi mita 485. Sakafu yake nyeusi ni mito ya zaha, yaani uji wa volkano, iliyoganda, na juu yake vichaka vimeanza kushika. Ukingo wa juu kabisa uko mita 2,278.

Penye mtazamo ni kilomita chache kutoka mjini, upande wa kaskazini, kwa njia ya Milimani. Gari dogo linafika wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, maramu huteleza na ni afadhali boda boda ya dereva anayeijua njia. Mwambie akusubiri na umlipe mkirudi. Ukitaka kupanda kwa miguu, nendeni kikundi cha watu wanne au zaidi, msibebe kamera shingoni, na mchukue kiongozi wa pale. Mtu mmoja mmoja msituni ni windo rahisi kwa wezi.

Fika kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Mapema kuliko hapo mawingu huweza kulala ndani ya shimo, na baadaye upepo huvuma hadi kofia huruka. Ukitazama sakafuni utaona nguzo za mvuke mweupe. Baadhi ni matundu ya asili, nyingine ni visima vya jotoardhi. Uchimbaji ulianza mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ulianza kutoa umeme.

Kushuka hadi chini ndiko watu hukosea zaidi. Kutoka juu sakafu inaonekana tambarare, na kumbe ni mawe makali yenye mianya iliyofunikwa na nyasi. Viatu vya mpira laini hukatika siku moja. Hakuna maji popote. Kurudi juu huchukua mara mbili ya muda wa kushuka, kwa hivyo anayeshuka saa 8 mchana hukutwa na giza ndani. Shuka na kiongozi tu, uwe na lita tatu za maji kwa kila mtu, na uanze safari ya kurudi kabla ya saa 6. Karibu na visima usivuke uzio wala kukanyaga mabomba. Mvuke unaopita ndani huunguza kabla hujauona.

Katika mapango ya Menengai utakuta watu wamekaa siku kadhaa wakifunga na kuomba. Piteni kimya na msipige picha. Kreta hii ina kumbukumbu nzito pia upande wa Wamaasai: katika karne ya 19 makundi yao mawili, Ilpurko na Ilaikipiak, yalipigana ukingoni hapa, na wapiganaji wa Ilaikipiak wakasukumwa chini ya kuta.

Barabara ya Nairobi: kutoka Hyrax Hill hadi Kikopey

Hyrax Hill iko kilomita 4 hivi kutoka mjini. Panda matatu yoyote ya kuelekea Lanet au Free Area na umwambie makanga mapema, vinginevyo atakupitisha. Watu wengi hupita mahali hapa maisha yao yote bila kuingia, na ni hasara kubwa, kwa maana saa mbili za hapa zinakufundisha kuhusu Nakuru kuliko siku nzima ya kupiga picha.

Anzia kwenye makavazi, nyumba ndogo iliyokuwa ya mkulima wa kizungu, kisha mwombe mwelekezi akupeleke nje. Bila mwelekezi utaona mashimo na mawe na uondoke. Mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alilitambua eneo hili mwaka 1926, na mkewe, Mary Leakey, akaanza kulichimba mwaka 1937. Walikuta makaburi ya watu walioishi enzi za mawe za mwisho, ambapo wanawake walizikwa na sinia za mawe na wanaume hawakuzikwa na kitu. Karibu nayo kuna mashimo ya duara yaliyozama ardhini, yanayoitwa ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, ambamo ng'ombe walilazwa. Juu ya kilima kuna ngome ya mawe, na pimbi waliokipa kilima jina lake bado wanaota jua juu ya miamba.

Usiondoke bila kuonyeshwa bao. Ni safu za vishimo vilivyotobolewa katika mwamba wenyewe, na kingo zake zimelainika kwa kuguswa na vidole vya watu tusiowajua. Inama, chukua kokoto kumi au zaidi na uzisambaze kama unavyojua kucheza. Vishimo vinapokea kete bila shida. Kokoto hizo uziokote nje ya eneo la uchimbaji, na uziache ulipozitoa.

Ukiwa juu ya kilima, geuka utazame ziwa. Miaka elfu kumi hivi iliyopita, Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja lenye kina kirefu, na maji yalifika hadi chini ya kilima hiki. Ukikumbuka hivyo, lango la mbuga lililozama halishangazi tena. Ziwa lina tabia ya kwenda na kurudi, na anayejenga ufuoni ndiye asiyejua historia.

Kutoka Hyrax Hill endelea kuelekea Gilgil. Elementaita utaiona kulia, na kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali. Kama huna muda wa kuingia Soysambu, simama kwenye maegesho ya juu ya barabara, si pembeni mwa lami. Malori hapa hushuka kwa kasi. Mwari weupe huzaliana Elementaita, kwenye visiwa vya mawe, lakini ziwa lenyewe halina samaki wa kuwatosha, kwa hivyo kila siku huruka hadi Ziwa Nakuru kuvua na kurudi kulisha makinda. Wakipita juu yako saa 4 asubuhi, wakizunguka bila kupiga mbawa, ujue wanapanda na hewa ya joto. Kusini mwa ziwa kuna chemchemi za maji moto ambapo wenyeji huoga. Maji ya kwenye jicho la chemchemi ni moto kuliko ya kando. Jaribu kwa mkono kwanza.

Kariandusi iko karibu, umbali mfupi kutoka barabara kuu. Louis Leakey alianza kuichimba mwishoni mwa miaka ya 1920. Humo mashimoni utaona mashoka ya mkono yamelala pale pale yalipofukuliwa, mengi yametengenezwa kwa jiwe jeusi la kioo cha volkano. Mwombe mwelekezi akuonyeshe ukingo wa moja lililo ndani ya makavazi: bado unakata karatasi. Jirani kuna machimbo ya udongo mweupe mwepesi, ambao ni maganda ya viumbe vidogo vya majini yaliyolundikana ziwa lilipokuwa refu. Usiokote jiwe lolote, hata dogo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivi, na jiwe likishatolewa mahali pake haliwezi tena kumweleza mtafiti chochote.

Malizia Kikopey. Hapa nyama hununuliwa mbichi kwa kilo, ikiwa bado inaning'inia. Chagua mbuzi kwa macho yako: nyama iwe nyekundu iliyokolea, mafuta yawe meupe makavu, si ya manjano wala yenye utelezi. Omba sehemu yenye mbavu na paja pamoja. Paja pekee hukauka. Kilo moja mbichi, pamoja na mifupa, hutosha watu wawili wenye njaa au watatu wa kawaida, maana motoni hupungua karibu theluthi. Mkubaliane bei ya kilo na uulize kama ugali na kachumbari vimo, kisha uone mzani ukiwa mtupu kabla haujabeba nyama yako. Kuchoma kunachukua dakika 45 hadi saa nzima. Anayemharakisha mchomaji hupata nyama iliyoungua nje na damu karibu na mfupa, kwa hivyo fika kabla njaa haijakushika. Na kama unaendelea Nairobi Jumapili, uwe umeondoka hapa kabla ya saa 8 mchana. Jioni msururu wa magari huwa mrefu kuanzia Gilgil hadi Naivasha.

Kasri la Lord Egerton

Liko Ngata, kilomita 14 hivi kutoka mjini, na linatosha kwa nusu siku. Ukienda kwa matatu, mwulize makanga kabla ya kupanda kama anapita njia ya kasri, kisha umalizie kwa boda boda.

Maurice Egerton alikuwa bwana wa nne wa Tatton, shamba la kifahari huko Cheshire, Uingereza. Alijenga jumba hili la vyumba 52 kati ya mwaka 1938 na 1954, akaishi humo miaka michache na kufariki mwaka 1958. Hakuacha mrithi. Tatton Park ilienda kwa shirika la kuhifadhi turathi la Uingereza, na shule ya kilimo aliyoianzisha Njoro mwaka 1939 ndiyo chuo kikuu cha leo. Waelekezi watakusimulia habari za mwanamke aliyelikataa jumba, na za marufuku ya wanawake iliyofuata. Zisikilize kama masimulizi, lakini macho yaweke kwenye kazi ya mikono: sakafu za mbao, ngazi, na kinanda kikubwa cha mabomba katika ukumbi wa muziki.

Piga simu kabla ya kwenda Jumamosi. Bustani hukodishwa kwa harusi, na siku hizo ndani huwa na shughuli nyingi na ziara hufupishwa. Picha za simu hazina neno. Ukifika na mpiga picha na nguo za kubadilisha, utatozwa ada tofauti, kwa hivyo iulizie mapema.

Bogoria

Hii ni siku nzima. Toka Nakuru saa 11 na nusu alfajiri, pitia Mogotio unapovuka ikweta, ufike lango la Loboi baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Jaza mafuta Nakuru. Bogoria iko chini ya mita 1,000, kwa hivyo joto la huko ni la nchi nyingine kabisa. Beba lita tatu za maji kwa mtu, kofia, na dawa ya kupaka ya mbu, kwa maana bonde la Baringo lina malaria kuliko mjini Nakuru. Kiingilio ni cha kaunti, na risiti ya KWS haitakusaidia.

Uliza langoni barabara inafika wapi. Ziwa hili nalo limepanda, likazamisha sehemu ya barabara na baadhi ya chemchemi. Zile zinazoonekana bado zinatosha: maji yanaruka na kutoa mvuke, na upande wa pili ukingo wa ziwa mara nyingi una flamingo wengi kuliko utakaowaona Nakuru. Ukibahatika, tandala mkubwa hujitokeza kwenye miteremko asubuhi na jioni.

Hatari ya hapa iko chini ya nyayo. Kuzunguka chemchemi, ardhi hufunga gamba jembamba jeupe linaloonekana gumu, na chini yake kuna maji yanayokaribia kuchemka. Mguu ukipenya, ngozi hubanduka na soksi. Tembea palipokanyagwa na wengi, mkono wa mtoto usiuachie hata mara moja, na usisimame upande ambao upepo unapeleka mvuke. Viatu viwe vya kufunika mguu, si malapa. Wageni huchemsha mayai humu; ukitaka kujaribu, mwombe kwanza askari ruhusa, tumia kikapu kidogo cha waya chenye kamba ya mita mbili, na uyaache dakika 10 hadi 12. Mfuko wa plastiki huyeyuka, na yai linalotumbukizwa kwa kijiko humrushia mtu maji usoni. Maganda yarudi nawe.

Anza kurudi saa 9 alasiri. Mbuzi na ng'ombe wa Marigat na Mogotio huvuka barabara wakirudi nyumbani jioni, na gizani dereva hawaoni mpaka wako mbele ya taa.